Mwalimu wa Marisol

Kila asubuhi, kabla jua halijatoboa ukungu wa Tetu, Wangechi aliamshwa na sauti ya mama yake. Alivaa sweta, akatia miguu ndani ya gambuti baridi, kisha akapeleka maziwa kwenye kituo kilichokuwa kando ya barabara. Akirudi alikunywa chai, akavaa sare na kukimbia shuleni. Alikuwa mwanafunzi wa gredi ya saba, na hakuna aliyeweza kumwita mvivu.

Siku hizi, hata hivyo, aliamka amenuna. Alilala kitanda kimoja na Shosho, nyanya yake, ambaye alikoroma na kuvuta blanketi lote upande wake. Dada yake Anita alipopata kazi hotelini Nanyuki, mama yao alikuwa amemwahidi Wangechi chumba cha dada yake. Wangechi alikipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, ukutani akabandika picha za wanariadha. Rangi ilikuwa bado inanuka mgeni alipokuja, chumba kikawa cha mgeni.

Mgeni huyo aliitwa Marisol. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne kutoka Kolombia, mishonari aliyetumwa na kanisa la kwao. Alitakiwa ajifunze Kiswahili kwanza, kisha aende kaskazini, mbali kupita Isiolo, akafanye kazi na jamii za wafugaji. Asubuhi alihudhuria darasa la lugha mjini Nyeri, na alasiri alikaa nyumbani ili azoee kuongea na watu. Lugha yake ilikuwa Kihispania. Kiingereza alijua cha kuokoteza tu. Kwa ajili yake, nyumba nzima ilikubaliana kuongea Kiswahili, hata Shosho ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo na cha kutafutatafuta.

"Wewe ndiye mwalimu wake wa nyumbani," Mama Anita alimwambia Wangechi. "Kila jioni ukae naye kidogo, umsahihishe maneno."

"Mimi? Kwani darasani hafundishwi?"

"Anafundishwa. Lakini lugha hujifunzwa nyumbani."

"Amechukua chumba changu, sasa anataka na jioni zangu!"

"Wangechi! Chunga huo mdomo."

Wangechi aliuchunga mdomo, lakini moyo hakuuchunga. Kila alipomwona Marisol akiwekewa yai, au akicheka kwa sauti yake kubwa, alihisi kitu kikimchoma kifuani.

Jumamosi moja Marisol alimwomba msaada. Mchungaji Ngatia alikuwa amemwambia asalimie waumini kesho yake, naye alitaka kusema kwamba anawapenda.

"Sema, 'Nawaponda nyote kwa moyo wangu wote,'" Wangechi alimwambia bila kupepesa macho.

Marisol alirudia sentensi hiyo jioni nzima, hata akiosha vyombo. Wendy, rafiki yake Wangechi, alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu.

Kanisani, Marisol alisimama mbele ya watu akiwa amevaa kitambaa chekundu kichwani. "Bwana asifiwe!" alisema, wakaitikia. "Nawaponda nyote kwa moyo wangu wote!"

 Kisha vijana wa nyuma wakaangua kicheko, na mzee Mathenge, kiongozi wa wazee wa kanisa, akakunja uso kama aliyelamba shubiri. "Ametoka huko kwao kote kuja kutuponda?" alinong'ona, ila mnong'ono wake ulisikika hadi mlangoni.

Mama Anita alimkabili bintiye walipofika nyumbani. "Ni wewe uliyemfundisha vile?"

"Nilimfundisha 'nawapenda', Mama. Masikio yake ndiyo mabaya."

Marisol aliyasikia hayo, akaona haya. "Pole," alisema kwa unyonge. "Masikio yangu mabaya." Kuanzia siku hiyo alijitahidi hata zaidi kumsikiliza Wangechi.

Uongo wa kwanza ukipita salama, wa pili hauogopi mtu. Alasiri moja Wangechi alitoka shuleni akamkuta Marisol amebeba mzigo wa nyasi za ng'ombe pamoja na Shosho. Nyanya alikuwa amemshika mkono mgeni, wote wawili wamelowa matope, wanacheka.

"Huyu mtoto ako na nguvu!" Shosho alisema. "Nimemwambia 'nisaidie' mara moja tu, ati akabeba yote. Huyu ni mtoto wangu sasa."

Maneno hayo yalimwuma Wangechi kuliko habari ya chumba. Shosho alikuwa wake. Jioni ile, walipokaa kwa somo, Marisol aliuliza, "Shosho alisema neno. Ni-sai-die. Ni nini?"

Wangechi alimtazama. "Ni 'niache, niko sawa,'" alisema, akachanganya na Kiingereza kidogo na ishara za mikono ili aeleweke vizuri. "Wazee wetu hawapendi kusaidiwa na wageni. Leo Shosho alicheka kwa adabu tu. Ukisikia 'nisaidie', ondoka."

Uso wa Marisol ulisawijika. "Oo. Mimi sikujua. Asante, mwalimu."

Wiki iliyofuata Mama Anita alikwenda soko la Kagio kununua nyanya za kuuza, na Wangechi akaenda shuleni kama kawaida. Mvua ya baridi ilianza baada ya chakula cha mchana. Wangechi alirudi nyumbani amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, na tangu langoni alimsikia ng'ombe akilia zizini. Hakuwa amekamuliwa wala kulishwa.

Alimkuta Marisol mezani chumbani, akisoma.

"Shosho yuko wapi?"

"Shosho chini. Kwa nyasi," Marisol alijibu. Alionekana kuwa na wasiwasi. "Mimi nashuka, simwoni, mimi nasikia. Shosho anaita, 'Nisaidie.' Mimi nasema, 'Sawa, Shosho, pole.' Anaita tena, na hasira sana. Mimi naondoka."

Wangechi alitupa mkoba wa shule chini. "Lini?"

"Kabla mvua."

Wangechi hakungoja lingine. Alishuka mteremko mbio, akianguka na kuinuka, huku Marisol akimfuata nyuma bila kuelewa. Walimkuta Shosho karibu na mto, amelala ubavu kati ya mashina ya nyasi. Mguu mmoja ulikuwa umepinda vibaya. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na hakuwa akiita tena.

"Shosho! Shosho, ni mimi!"

Macho ya bibi kizee yalifunguka kidogo, yakafumbika.

Marisol alipiga magoti kwenye matope. Alivua koti na sweta, akamfunika, akamkumbatia ili ampashe joto. "Nenda! Ita watu!" alimfokea Wangechi. Maneno hayo yalitoka sawasawa kabisa.

Jirani yao Mugo alileta pikapu yake. Wanaume wanne walimpandisha Shosho mteremko kwa blanketi, akapelekwa hospitali mjini Nyeri. Daktari alisema mfupa wa paja umevunjika na baridi imemwingia sana. "Mngechelewa tena kidogo tu, tungekuwa tunaongea mambo mengine," alimwambia Mama Anita alipofika, bado ana vumbi la sokoni.

Pale kwenye ukumbi wa hospitali, Marisol alieleza kilichotokea kwa Kiswahili chake kilichovunjika. Mama Anita alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akalipuka.

"Ulimsikia mama yangu akilia, ukaondoka? Ukarudi nyumbani kusoma kitabu? Mishonari gani wewe?"

 Marisol alimtazama Wangechi, kana kwamba anamngoja mwalimu wake amweleze mama yake kuhusu lile neno. Wangechi akaangalia sakafu.

Habari zilienea Tetu kwa kasi ya moto wa nyika. Dukani, hakuna aliyemsalimia Marisol. Watoto walimzomea barabarani, "Nawaponda! Nawaponda!" na wazazi wao hawakuwakanya. Mzee Mathenge alisema waziwazi kwamba mtu aliyewatukana kanisani ndiye huyo huyo aliyemwacha kikongwe kwenye mvua, na kwamba arudishwe kwao. Mama Anita alipika chakula cha mgeni bila kusema neno, akakiweka mezani kwa kishindo.

Wangechi aliona yote hayo. Alikuwa amemtaka Marisol aondoke, na sasa kila mtu alitaka hivyo. Lakini kila jioni alirudisha sahani yake ikiwa imejaa. Shuleni Wendy alimwambia, "Si ulitaka chumba chako? Nyamaza tu."

Alasiri ya pili tangu Shosho aanguke, Wangechi alikuwa jikoni akikata sukuma wiki Marisol alipoingia kutoka mjini. Alisimama mlangoni, bado amebeba mkoba.

"Leo mimi nauliza mwalimu wa darasa," alisema. "'Nisaidie.' Yeye ananiambia."

Kisu kilisimama mkononi mwa Wangechi.

"Kwa nini?" Marisol aliuliza.

Wangechi alirundika sukuma wiki aliyokwishakata.

"Kwa nini?"

Kisha Marisol akaanza kusema Kihispania, kwa kasi na kwa ukali, akipiga kifua chake, akinyoosha kidole kuelekea mteremkoni. Wangechi hakujua hata neno moja la lugha ile, na bado hakuna kilichompita. Mwishowe Marisol alivuta pumzi, akarudi kwenye Kiswahili. Macho yake yalikuwa makavu.

"Kesho Mchungaji anakuja hospitali. Labda mimi narudi Kolombia. Mimi sisemi kitu. Sema wewe."

Siku iliyofuata, Mchungaji Ngatia alisimama kando ya kitanda cha Shosho, Mama Anita ameketi upande wa pili. Mguu wa Shosho ulikuwa umening'inizwa kwa uzito ili mfupa unyooke, na sauti yake ilikuwa imerudi, ingawa nyembamba. Wangechi alikuwa kwenye kona. Marisol alibaki mlangoni, maana hakuna aliyemkaribisha ndani.

"Nimefikiri sana," Mchungaji alianza. "Watu wamekasirika. Naona ni afadhali dada huyu arudi kwao. Ikiwa hawezi kuhurumia mgonjwa, huko kaskazini atafanya nini?"

"Mimi pia naona hivyo," alisema Mama Anita.

"Hapana," Wangechi alisema. Wote wakageuka.  "Ni mimi. Nilimwambia 'nisaidie' maana yake ni 'niache'. Nilimwambia akisikia hivyo aondoke. Na kanisani pia ni mimi. Hakuwaponda. Alitaka kusema anawapenda."

Mama Anita aliinuka polepole. Wangechi hakuwahi kuona uso wa mama yake ukiwa vile.

"Keti," Shosho alisema.

"Mama, huyu mtoto karibu akuue!"

"Nimesema keti." Shosho alimgeukia Wangechi. Alitafuta maneno ya Kiswahili, ili Marisol naye aelewe. "Mimi lugha yangu ni Gikuyu. Lakini pale chini nilijua aliye nyumbani ni yule msichana. Nikatafuta Kiswahili kwa kichwa, nikapata neno moja, nikaliita mpaka sauti ikaisha. Nikasikia akiniambia 'sawa', na miguu yake ikienda. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, kumbe huyu ananichukia. Baridi haikuniuma kama hiyo."

Wangechi alilia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

"Wanasema majuto ni mjukuu," Shosho aliongeza kwa sauti ya chini. "Wangu huyu hapa."

Mchungaji Ngatia alikwenda mlangoni, akampa Marisol mkono na kumwomba radhi. Mama Anita alimwomba radhi pia, huku ameinamisha kichwa. Wangechi alipomfikia na kusema, "Nisamehe," Marisol alimtazama usoni.

"Nimekusamehe," alisema. Lakini hakumkumbatia, wala hakutabasamu.

Jumapili hiyo Wangechi alisimama mbele ya kanisa zima akasema alichofanya. Watu walimsonya. Mzee Mathenge alitikisa kichwa, ila baada ya ibada alimwendea Marisol akavua kofia yake na kumsalimia kwa mikono miwili. Wendy alikaa mbali, kama mtu asiyemjua Wangechi. Kwa muda mrefu, kazi ya kukata nyasi kule mteremkoni ikawa ya Wangechi peke yake.

Marisol alibaki Tetu. Shosho aliporudi nyumbani na mikongojo yake, aliamuru masomo ya jioni yaendelee, tena yafanyiwe mbele yake. Yakaendelea. Lakini kila Wangechi alipotaja neno, Marisol aligeuka kwanza akamtazama Shosho, na Shosho akaitikia kwa kichwa ndipo Marisol akalirudia.

Wangechi alivumilia. Jioni moja, Marisol alipotoka nje kuchukua kuni, uvumilivu ukamwishia.

"Shosho, mbona bado haniamini? Alisema amenisamehe. Tangu siku ile sijamdanganya hata neno moja."

Shosho alinyoosha mguu wake mbele ya moto, akaukanda taratibu. "Alikusamehe. Hilo alikupa bure. Lakini kuamini hakupeanwi bure, mtoto wangu. Daktari aliunga huu mfupa, akaniambia umeshika. Je, niko na uwezo wa kukimbia leo?"

"Hapana."

"Mtu akikuuliza njia, au dawa, au neno, amekupa maisha yake uyashike. Ukimdanganya kwa mchezo, hujui mchezo huo utamwangukia nani. Ulitaka kumwumiza mgeni, ukaniumiza mimi. Basi sema kweli leo. Sema kweli kesho, hata akikuangalia kwa shaka. Usimdai chochote. Siku moja ataacha kuniangalia mimi."

Mlango ulifunguliwa, Marisol akaingia na kuni kifuani. Aliziweka chini, akachukua chombo cha mbao kilichokuwa juu ya sufuria ya ugali, akakiinua.

"Wangechi, hii ni nini?"

"Mwiko," alijibu Wangechi.

Marisol aligeuka akamtazama Shosho. Shosho akaitikia kwa kichwa.

"Mwiko," alisema Marisol.

"Ndiyo," alisema Wangechi. "Mmoja ni mwiko. Ikiwa mingi, ni miiko." Akangoja kwa subira, huku Marisol akigeuka tena kumtazama Shosho.