MUME WANGU ALINIBADILISHIA MAIKI

"Dada, unasomea ndani ya pipa?!"

Hiyo ilikuwa sauti ya mteja wangu kwenye simu.

"Hapana bosi, niko palepale..."

"Hii siyo sauti niliyoichagua! Nitumie nyingine leo, au kitabu nampa mtu mwingine!"

Akakata.

Nikageuka. Mume wangu kaegemea mlango... anatabasamu!

Jamani, kutabasamu!

"Nilikuambia sauti yako imechoka," akasema. "Achana na hayo mambo."

Wapendwa, kazi yangu ni kusoma vitabu vya kusikilizwa. Studio yangu ni kabati la nguo na mablanketi mawili. Maiki yangu ni ya bei poa, ila naijua kama kiganja changu.

Nikaichomoa kwenye stendi.

Rangi ileile. Maandishi yaleyale. Lakini yangu ni toleo la pili, ina kiswichi shingoni cha kukata mngurumo.

Hii... shingo laini kama yai!

Toleo la kwanza!

Nikaipindua nione namba ya toleo. Pamekwanguliwa kwa kisu!

"Hii siyo maiki yangu!"

"Maiki ni maiki. Zote zinafanana."

"Hata mapacha, mama yao anawajua! Iko wapi yangu?"

Akajifanya anatafuta rimoti.

Hapo nikamkumbuka wifi yangu, mdogo wake, anayeimba. Jana alirusha wimbo mtandaoni, sauti inang'aa kama glasi. Nikasema leo ndo leo!

Nikatoka na kanga kiunoni hadi kwake. Sikubisha hodi.

Maiki ile pale, mezani. Na kiswichi chake!

"Mwizi mkubwa wewe!"

Wifi akaniangalia, mdomo wazi.

"Wifi... si umenipa wewe?"

"Nimekupa mimi?!"

"Kaka kaniletea. Kasema umeacha kazi, unataka kutulia nyumbani. Akaomba ile yangu ya zamani, eti ataiuza."

Nilikuja kupigana na mtu ambaye hana kosa.

Nilidhani atamtetea kaka yake, damu nzito kuliko maji. Wapi! Akaichomoa maiki, akanishika mkono.

"Twende. Atanieleza na mimi."

Tukamkuta sebuleni.

"Kaka, kwa nini?"

Akafoka, "Kila ninapopita, 'mkeo kasoma vizuri, mkeo hiki, mkeo kile'! Nilitaka mke, sikutaka redio!"

Moyo uliuma, sikatai. Ila sikulia mbele yake.

"Sawa," nikamwambia. "Redio inahamia stesheni nyingine."

Wifi ndiye aliyebeba mablanketi. Dada yake wa tumbo moja!

Jioni ileile nikarekodi chumbani kwa wifi, dirisha tumeziba kwa godoro, nikatuma. Mteja akapiga.

"Hiyo ndiyo sauti! Na huyo anayeimba huko nyuma nani?"

Tukatazamana. Kumbe wifi alikuwa anaimba chinichini akipika, maiki ikamnasa!

"Ni wifi yangu, bosi. Samahani, nitarudia..."

"Usirudie! Nataka aimbe mwanzo wa kila sura."

Tukapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Mume ananitumia meseji eti nirudi, "yaishe". Bado sijamjibu, nina sura za kusoma.

Dada zangu, kabla hujasema sauti yako imechoka, kagua kwanza nani kaishika maiki yako.

Na anayetaka mke bubu... aoe picha!