Neno Lililofutwa

Mtoto alijikwaa kwenye zulia, na kabla goti halijagusa chini Mikonomingi ilikuwa imeshamdaka. Mashine hiyo ilining'inia darini, ikiwa na mikono minane ya mpira wenye joto, kila mkono na harufu yake na sauti yake: wa bibi, wa shangazi, wa mama mdogo, wa jirani. "Nipo, nipo hapa," ilisema kwa sauti ya bibi. Semeni, wa miaka miwili na nusu, hakupata hata nafasi ya kulia.

Mama yake, Injinia Mwanamvua Shekiondo, ndiye aliyeibuni mashine ile. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale, mikono ameinyoosha bure.

Wazo lake halikuwa baya, tusimwonee. Alikuwa amesoma kwamba binadamu hakuumbwa alelewe na mtu mmoja. Mtoto wetu huzaliwa hajiwezi, hukua taratibu mno, na tangu zama za kale aliokolewa na mikono ya wengi. Wako watu wa misituni ambao kichanga chao hubebwa na watu kumi kabla jua halijatua. Lakini katika Tanga ya maghorofa, shangazi anafanya kazi kituo cha mwezini na jirani humjui hata jina. Basi Mwanamvua akapanda Lushoto, akarekodi sauti ya mamake, Bi Mkunde, na za wanawake waliojaa jikoni kwake, akazitia kwenye mashine. Baada ya miaka mitatu kila nyumba yenye mtoto ilikuwa nayo.

Kosa lilikuwa neno moja. Wanawake wale walisema "ngoja" kila dakika. Ngoja kwanza, nina unga mikononi. Ngoja niepue chungu. Mwanamvua aliona ni dosari, akalifuta.

Sasa Daktari Kupaza, aliyewapima watoto elfu nne, alikuwa amekuja na majibu.

"Dada, hawatazami watu," alisema. "Kichanga akingojeshwa husoma nyuso. Anatafuta nani ana huruma, anamchekea ili aje. Ndivyo binadamu tulivyojifunza kupendana. Hawa hawajawahi kuhitaji kumtafuta mtu."

"Nikilirudisha neno?"

"Hayo hujifunzwa mwaka wa kwanza. Kwa hawa, wakati umepita."

"Basi nitaizima."

"Nyumba thelathini wameizima. Watoto wanalia huku wanatazama dari."

Mwanamvua alilia mbele ya mgeni bila kujificha. Juma lile alikuwa amemleta Bi Mkunde kutoka Lushoto, akiamini damu itavuta. Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi, magoti yake mabovu, siku nzima akimwita mjukuu asiyegeuka.

"Maji," Semeni aliiambia dari.

"Ngoja mjukuu wangu, nakuja," Bi Mkunde alisema, akijisukuma kwa mikono miwili ainuke.

Kutoka juu, sauti ileile yake ikasema, "Nipo, nipo hapa," na kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa mtoto.

Bi Mkunde alibaki ameinama nusu, akijisikiliza. Kisha akarudi kukaa taratibu.

"Mwanamvua, yule mimi wa juu huchoka saa ngapi?"

"Hachoki, mama."