Jumatano ya Saa Nne

Asubuhi ile foleni ya dirisha la kuandikisha wagonjwa ilikuwa imepinda kona hadi mlango wa choo. Fundi wa jenereta alikuwa anapita zake, bisibisi mfukoni, akamwona dada mmoja amesimama katikati ya watu. Gauni la buluu lililopigwa pasi likakubali, viatu bapa, macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Akamwonea huruma. Tuseme ukweli, aliona pia kwamba ni mzuri.

"Dada, wewe si wa kusimama hapa. Njoo nikupitishe."

Akampeleka mbele kabisa. Dada akatoa kijitabu, akaandika.

"Asante, kaka. Umenirusha watu kumi na wanne. Hapa ndiyo kawaida yenu?"

"Unaandika nini?"

"Mimi siumwi. Ni mkaguzi wa serikali."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapasuka kicheko. "Kaka, leo umekula wa chuya!"

Kazi ya mkaguzi huyo ilikuwa kutafuta mahali ambapo hospitali ingeweza kuvunjikia kabla haijavunjika. Vihatarishi, ndivyo walivyoviita. Alizunguka idara kwa idara na swali moja tu. Umeme ukikatika, itakuwaje? Mwenye ufunguo akiugua, itakuwaje? Kila hatari aliipima uwezekano wake na madhara yake, kisha akaipaka rangi: kijani, njano au nyekundu. Wiki ya pili hospitali nzima ilikuwa inamwita Itakuwaje, na aliyembatiza ni fundi.

Siku moja mchana simu yake ikalia.

"Haloo, Itakuwaje."

"Nani kakupa namba yangu?"

"Umeibandika mwenyewe mlangoni kwangu. Ukiona hatari, piga. Nimeiona."

"Hatari gani?"

"Nimekupenda."

Kicheko kidogo, cha puani. "Uwezekano?"

"Mkubwa."

"Madhara?"

"Usiseme, mpenzi. Nipake nyekundu tu."

Sheria ya kazi ya dada ilikuwa wazi: mkaguzi akipendana na anayemkagua, hutamka uhusiano huo na kujiondoa. Alijiambia atatamka kesho. Kesho ikazaa kesho.

Jumatano moja mkaguzi alikuwa na mapumziko. Fundi akatoroka kazini, akampeleka kwa mama yake. Mama macho yalikuwa yanafifia, lakini vidole vilikuwa bado vinafuma. Akamshika binti mkono, akaupapasa kama anayechagua kitambaa dukani.

"Mkono wa kazi huu. Mkwe, nimeanza kitambaa cha meza yenu. Pembe moja imekwisha. Kwa macho haya, tatu zilizobaki ni za Mungu."

"Nitakuja kukushikia uzi, Mama."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Redio ya jirani ilisema hivyo, wote watatu wakaisikia.

Wiki tatu baadaye zamu ya kukaguliwa ikafika chumba cha jenereta. Mkaguzi akafungua daftari la majaribio. Jenereta lilitakiwa kuwashwa kila Jumatano, saa nne, nusu saa nzima. Na kila Jumatano ilikuwa imeandikwa: limewashwa, hali nzuri, na chini yake sahihi ya fundi yenye mkia mrefu. Akafunua, akafunua, akasimama.

"Jumatano hii, saa nne, ulikuwa wapi?"

Fundi akatabasamu. "Si tulikuwa wote kwa Mama? Umeshasahau, mpe..."

Macho yake yakaangukia sahihi yake.

"Nilijaza Ijumaa yake," akasema. "Kila mtu anajaza hivyo. Jenereta ni zima, mpenzi."

"Liwashe."

Akabonyeza. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Akabonyeza tena. Likanyamaza vilevile. Betri ilikuwa imekufa, tangu lini hakuna aliyejua, na nyuma ya ukuta ule walikuwa wamelala watoto njiti sita ndani ya mashine za joto.

Kufikia alasiri fundi alikuwa ameweka betri mpya, jenereta linanguruma. Akamfuata mkaguzi, mikono imejaa grisi.

"Limepona. Basi ile Jumatano iache ipite. Tunaoijua ni mimi, wewe na Mama."

"Betri ni ya leo, Fundi. Daftari ni la miaka mitatu. Nikinyamazia ukurasa huu, upi mwingine nitauamini?"

"Kumbe ulikuja kwa mama yangu kunichunguza."

"Unajua si kweli."

"Ulinipenda mimi au ulilipenda daftari? Toka! Nenda kaandike!"

Mwanaume akikosa huwa mkali. Hilo halihitaji shule kulijua. Mkaguzi alitoka na viatu vyake bapa. Wiki ile alipiga simu mara kumi na moja. Fundi aliilaza simu kifudifudi, na mama yake alipouliza, alimjibu, "Mkwe wako amesafiri kikazi."

Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu, mwenyekiti akamsomea taarifa ya mkaguzi.

"Maandishi ya siku hiyo ni ya uongo. Shahidi ni mimi ninayeandika. Saa hiyo nilikuwa naye kwa mama yake, kama mchumba wake. Nilipaswa kuutamka uhusiano huo mapema, sikuutamka. Kosa hilo ni langu."

Mwenyekiti akavua miwani. "Angeweza kunyamaza, huyu. Wamemwondoa kwenye ukaguzi, wamempeleka kituo cha mbali kupanga mafaili."

Fundi alipelekwa kufungua geti la magari. Alitaka kumpigia siku ileile. Lakini aibu ina miguu mizito, ikapita miezi minne.

Kisha mchana mmoja umeme ukakatika. Akiwa getini akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ilipofika nane, jenereta likanguruma kwa mkono wa fundi mwingine. Akaenda kuulizia watoto njiti, akarudi, akakaa chini kwenye tofali, akapiga simu.

"Haloo, Itakuwaje."

Alisikia pumzi upande wa pili.

"Umeme umekatika. Limewaka. Sekunde nane."

"Watoto?"

"Wazima wote. Nisamehe, mpenzi. Sikukosea kujaza tu. Nilikukosea wewe."

"Nilikusamehe siku ileile. Ndiyo maana nilipiga mara kumi na moja."

"Basi nije. Hata kesho nipo njiani."

"Usije." Sauti yake ilikuwa imelowa. "Kukupenda bado nakupenda. Lakini kila utakaponiambia ulikuwa mahali, nitatafuta ukurasa. Nyumba hailindwi hivyo, Fundi. Mama hajambo?"

"Anakuuliza kila siku."

"Mwambie ukweli."

Simu ikakatika.

Jioni alimkuta mama mlangoni, kitambaa magotini. Pembe tatu zilikuwa zimekwisha.

"Mkwe wangu bado hajarudi safari?"

Fundi akachuchumaa mbele yake. "Hakusafiri, Mama. Nilikudanganya. Hatakuja, na kosa ni langu."

Mama akakipapasa kitambaa pembe moja, ya pili, ya tatu, taratibu, mpaka vidole vikaipata ncha ya uzi. Akaanza kuuvuta, kitambaa kikaanza kufumuka.

"Sogea," akasema. "Nishikie."