Gesho ya Siku ya Posa

Walikutana soko la Merkato, mbele ya magunia ya gesho, matawi yenye majani ya kutengenezea pombe. Wubalem alikuwa bado anachagua pale kijana mmoja alipomchomolea tawi mkononi.

"Dada, hii si gesho. Majani ya gesho hupishana kwenye kijiti, moja huku, jingine kule mbele. Haya yametazamana, mawili mawili."

"We nani, mkaguzi wa majani?"

"Kinfe. Nafundisha elimu ya mimea chuoni. Na wewe mrembo, unatazamana na nani?"

Wubalem alicheka mpaka shela yake nyeupe ikamteleza begani. Tangu hapo hawakupitisha siku bila simu.

Siku ya posa, wazee watatu wa upande wa Kinfe waliketi sebuleni kwa kina Wubalem. Kwa desturi, mwoaji mwenyewe haruhusiwi kukanyaga huko, kwa hiyo Kinfe alingoja mtaa wa pili. Jikoni, Wubalem alimpiga picha mama yake akichuja pombe, matawi yaliyobaki yakiwa miguuni pake, akamtumia mpenzi wake. Simu ikaita papo hapo.

"Mpenzi, hiyo gesho mmeitoa wapi?"

"Ilipungua, mama akaongezea ya kwenye ua wa jirani. Kwani vipi?"

"Majani yametazamana! Msinywe!"

"Kinfe, usinitie aibu leo! Mama yangu hajaanza jana kupika pombe."

Akamkatia, akazima simu.

Glasi zilikuwa zimeshajazwa mlango ulipofunguka kwa kishindo. Kinfe huyo, jasho linamtiririka, tai imekaa upande.

"Msinywe!"

Mzee mmoja alibaki na glasi midomoni. Ato Gebeyehu, baba wa binti, aliinuka.

"Unaingia kwangu siku ya posa kumwita mke wangu mchawi?"

"Baba, sijui ni mmea gani. Najua tu si gesho."

Wubalem alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikimbilia jikoni kuleta yale matawi amuumbue. Akayageuza dirishani: majani yametazamana, mawili mawili.

"Baba, ni kweli," alisema aliporudi. "Na alinipigia. Mimi ndiye niliyemkatia simu."

Mama aliangua kilio. Ato Gebeyehu alikusanya glasi zote, akazimwaga nje, kisha akarudi kuketi huku akihema.

"Nilipanga kuwarudisha bila jibu, kama ilivyo desturi ya posa ya kwanza," aliwaambia wazee. "Lakini kijana huyu alijua nitamfukuza, na bado akaja. Nitamnyima vipi binti yangu?"