Kiapo cha Baltasar

Asubuhi moja Albertina Quaresma alifungua chumba cha kastadi, akashika mwiko, akauachia upesi. Ulikuwa na uvuguvugu. Tena umelowa shira mpaka kwenye mpini, kama umetoka sufuriani sasa hivi.

Chumba hicho hakina dirisha, na funguo zake zilikuwa mbili tu. Mmoja anao yeye shingoni. Wa pili aliutia mwenyewe kwenye mfuko wa koti la shemeji yake Baltasar, siku walipofunika jeneza. "Uzee huu," alijiambia, akaufuta mwiko, akaanza kazi.

Duka la akina Quaresma, kule Lisbon karibu na mto Tejo, limewalisha watu vikeki vya kastadi tangu enzi za watawa, wale waliotumia ute wa mayai kukazia mavazi yao, wakabaki na viini wasijue wavifanyie nini. Mambo ya unga na tanuri kila mfanyakazi anayajua. Kastadi, ule urojo mtamu wa viini unaojazwa ndani, ni habari nyingine kabisa. Watu wawili tu ndio huijua, hupokezana mdomo kwa sikio, mlango umefungwa, na kila anayepokea huweka mkono kwenye sufuria ya shaba na kuapa: "Sitoki humu mpaka nimrithishe mwingine." Baltasar alipoapa ujanani alicheka. Basi uzeeni, mwezi wa pili mwaka huu, moyo ukamsimama ghafla kwenye kituo cha tramu, na hakuwa amemrithisha mtu.

Si kwamba hakujaribu. Alimwandama Leonilde, binti pekee wa Albertina, mpaka akachoka.

"Ami, niache bwana!" Leonilde alikuwa akimjibu. "Nimesomea uuguzi miaka yote hiyo, nije kuzeeka na mayai? Mimi naenda Geneva, nimeshapata kazi."

Na Albertina alifurahi kimoyomoyo. Chumba kile kilimla ujana wote. Hata mumewe alikata roho yeye yuko ndani anakoroga. Mwanawe asingeingia humo, kastadi ipotelee mbali.

Baada ya mwiko ikaja harufu, maganda ya limau yanayoungua, yamechanganyika na nta ya mishumaa ya mazishi. Kisha, mchana kweupe, duka limejaa watu na vikombe vya kahawa vinagongana, Albertina akasikia mwiko ukikwaruza shaba nyuma ya mlango alioufunga mwenyewe, kwaru, kwaru, polepole, na kila baada ya mizunguko michache kikohozi kidogo kikavu, kikohozi alichokizoea ubavuni mwake miaka nenda miaka rudi, cha mtu aliyekuwa kaburini.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Lakini siku moja wanakula mchana, alimtupia jicho binti yake, akauweka mkate chini. Leonilde, aliyekuwa bado anangoja siku ya safari, alikuwa anakoroga supu ya sukuma iliyokwisha kupoa, anakoroga tu, macho kayakaza ukutani, midomo inachezacheza.

"We Leonilde! Unasema nini?"

"Nani, mimi? Sijasema kitu, mama."

Halafu midomo yake ikaendelea bila yeye: "Viini kwanza. Shira ipoe mpaka kidole kivumilie." Sauti nzito, ya mzee mvuta sigara.

Albertina akamwita Bibi Hermínia wa mtaa wa Alfama, mtu wa dua anayewaondolea watu kijicho, lile jicho baya la husuda. Bibi akaweka sahani ya maji mbele ya Leonilde, akaomba, akadondosha mafuta ya zeituni. Tone halikutawanyika, kama lifanyavyo penye kijicho, wala halikutulia. Lilizunguka sahani, likazunguka, likazunguka.

"Hiki si kijicho," akanong'ona, rangi imemtoka. "Huyu ni marehemu aliyeapa. Anatafuta sikio. Akimaliza kumsimulia mwanao ataondoka zake, na mwanao ndiye atakayefungwa humo chumbani mwenu badala yake."

"Mungu wangu! Nifanye nini, bibi?"

"Kiapo kinalinda siri. Siri ikijulikana na kila mtu, kiapo hakina cha kulinda. Itoe, mama. Itoe yote, leo hii, usibakishe hata chembe."

Albertina hakungoja. Alipanda juu ya kiti mbele ya kaunta, huku Bibi Hermínia amemshikilia Leonilde kwenye meza ya pembeni, na mbele ya wateja walioshikilia vikombe hewani akaanza kumwaga kila kitu, viini na maziwa, unga na wakati wa kuutia, moto na namna ya kuupunguza, mdalasini na mahali unapofichwa, huku jasho linamtiririka na kikohozi kinapanda kooni mwa mwanawe, mpaka akafika kwenye limau, na hapo ulimi, ulimi uliolinda jambo hilo maisha yake yote, ukateleza kabla hajawaza.

"Maganda ya limau," akasema, "yanatolewa kabla shira haijachemka."

Ulikuwa uongo. Kauongo kadogo tu, ka mazoea.

"Dona Albertina kapagawa leo!" mteja mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka, wakapiga makofi. Leonilde akatulia. Albertina akashuka mbio, akamkumbatia huku analia kwa furaha.

"Mwanangu. Yamekwisha, mwanangu."

"Hayatolewi, shemeji," ikasema ile sauti nzito, begani kwake. "Hayatolewi kabisa."

Leonilde akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza jambo analonong'onezwa. Akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena. Kisha akashusha pumzi ndefu, na ile harufu ya nta ikaondoka dukani pale pale.

Akainuka, akamvua mama yake aproni taratibu, akaivaa. Akamtoa ufunguo shingoni. Leonilde akafungua chumba cha kastadi, akaweka mkono kwenye sufuria ya shaba, akamgeukia mama yake. Aliposema, ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ile ya upole.

"Ingia, mama, ufunge mlango. Watu wanasikia."