Mfereji wa Nne

Jua lilikuwa linazama na ufunguo wa kliniki nilishaushika, shangazi alipoingia ameshika shavu.

"Kibogoyo, lile jino ulilonitengeneza limeanza tena."

Shangazi ndiye aliyenilea. Jina la Kibogoyo alinipa nilipong'oka meno ya mbele, na mpaka leo, daktari wa meno mzima, hakuna mwingine aniitaye hivyo.

Nitasema ukweli: kazi ile niliilipua. Sisi madaktari, ndugu hatuwapangii siku, tunawapenyeza saa ya chakula. Miezi minane iliyopita nilipata mifereji mitatu kwenye mizizi ya gego lake, nikaisafisha, nikaziba, nikakimbilia kula. Magego ya juu mara nyingi huwa na mfereji wa nne, mwembamba kama uzi. Sikuutafuta. Sasa fizi ilikuwa imevimba usaha.

"Linaongea," alininong'oneza.

"Linauma, shangazi."

"Kuuma nakujua. Nimesema linaongea."

Nikampiga ganzi, nikamweleza njia zilizopo: kulifungua na kulisafisha upya (kazi ya saa mbili), kupasua fizi na kukata ncha ya mzizi, au kung'oa.

"Lifungue. Lakini usiling'oe, baba, nakuomba."

Nikatoboa kizibo. Harufu ikanipiga... haikuwa ya usaha. Ilikuwa ya udongo mbichi, udongo wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Nikazima mashine.

Chumba hakikunyamaza.

"Kibogoyo... umenifungia."

Shangazi alikuwa amefumba macho. Mdomo nimeuzuia wazi kwa kipande cha mpira, ulimi umelala. Sauti ilitoka juu, ndani ya gego.

"Safisha polepole, mwanangu... niko huku."

Ningetulia, ningeutafuta ule mfereji. Sikutulia. Niliogopa, basi. Nikashika koleo.

"Usi..."

Jino likatoka kwa mvuto mmoja.

Sauti ikakatika.

Shangazi akafumbua macho, akauma pamba, akasimama mwenyewe na kuchukua mkoba wake. Maumivu yote yamekwisha, alisema.

"Ahsante sana, daktari."

Nikacheka, nikidhani ananitania kama kawaida yake. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu uliyemkuta kwenye foleni.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Nimemhamishia kwangu. Anakula vizuri, analala vizuri, ananishukuru kwa kila kikombe cha chai. Jino ninalo kliniki. Kila jioni nalichokonoa kwa sindano nyembamba kuliko zote, naita, "Shangazi... shangazi..." Juzi niliupata mfereji wa nne. Mkavu, mtupu, uko wazi mpaka nchani.

Jana mezani aliniuliza kama nina wazazi. Nikamwambia nimelelewa na shangazi yangu.

Akaweka kijiko chini, akanishika mkono kwa huruma.

"Pole sana, daktari. Alifariki lini?"