Moto Uliowahi

— Washa kwanza nisikie! Kukagua utakagua nyuma, alisema Papa Placide.

— Batri imechoka, Papa. Acha nitumie manivele.

Katsuva, fundi wa gari, akachukua ile fimbo ya chuma iliyopinda, akaichomeka mbele ya gari, akainama. Joyeuse, binti wa Papa Placide, alikuwa barazani nyuma ya cherehani yake. Mguu wake ukaganda juu ya kanyagio. Alijua kitu ambacho wale wanaume wawili hawakukijua. Akafungua mdomo. Lakini akisema "acha", baba yake angeuliza amejuaje, na Katsuva angegeuka kumtazama.

Akafunga mdomo.

Katsuva akavuta. Injini ikapiga mara moja, pah! Manivele ikarudi kinyume kwa nguvu za ajabu. Mlio wa mfupa wa mkono wake wa kuume ulisikika hadi barazani.

Aristide, fundi jirani yao, ndiye aliyekuja mbio, akampakia majeruhi kwenye pikipiki yake na kumkimbiza hospitali.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la mbio, la milango miwili, la mwaka wa sitini na sita. Mgiriki mmoja mwenye duka alimwachia Papa Placide, dereva wake, siku vita vilipomkimbiza kutoka Bunia. Lilikaa miaka mingi chini ya mabati pale mtaani Bigo. Kwa miezi minne sasa, kila Jumamosi, Katsuva alitoka gereji yake mtaa wa Shari kuja kulihangaikia, na kila Jumamosi ugonjwa ulikuwa ule ule.

— Hii gari imelala sana, Katsuva alimwambia Joyeuse moja ya Jumamosi za mwanzo, huku akinywa chai. Nimebadilisha platine, nimebadilisha risoti. Moto haufiki kwa saa yake.

Joyeuse aliuliza maana yake, naye akamwonyesha delco, kile kikombe cheusi chenye nyaya kinachogawia kila bougie, yaani plagi, cheche yake.

— Ukiizungusha huku, cheche inachelewa, gari inakosa nguvu tu. Ukiizungusha huku, inawahi. Hapo, kama uko na manivele mukononi, injini inakurudishia. Inavunja mutu.

Joyeuse alisikia vizuri. Alisikia pia siku Katsuva aliposema kwamba tajiri mmoja wa malori kule Niania anamtaka kazini, na akimaliza hii gari ataona kama ataenda. Tangu hapo, kila Jumatatu baba yake akienda sokoni, Joyeuse alilegeza boliti, akaisogeza delco kidogo upande wa kuchelewa, akakaza. Jumamosi Katsuva alirudi kukuna kichwa, akisema anaiacha nzuri anaikuta imeharibika, na Joyeuse alimpikia chai.

Jumatatu ya mwisho baba yake alirudi ghafla. Joyeuse akazungusha haraka haraka, akakaza, akatoroka. Upande gani, hakutazama. Alianza kuwaza hilo usiku, akajiambia atarekebisha kesho. Hakurekebisha.

Siku ya pili baada ya ajali, simu ya Joyeuse ikalia: ni Katsuva, kutoka hospitali.

— Joyeuse, uko karibu na gari?

— Niko hapa na Papa.

— Weka simu kwa sauti niseme na yeye. Papa, Jumamosi ya kabla ya hii ajali nilikwaruza alama mbili na ncha ya tournevis, moja kwa delco, moja kwa injini chini yake. Nilitaka kujua kama inateleza yenyewe. Angalia kama bado zinaonana.

Papa Placide akavaa miwani, akainama chini ya boneti.

— Zimeachana. Upana wa kidole.

— Na boliti?

— Imekaza sana.

— Basi haikuteleza, Papa. Mutu aliizungusha.

— Nani?

— Sikumuona mutu. Lakini Aristide alikuya mara mbili kukuomba umuuzishie hii gari. Na iko fundi.

— Aristide! Na njo yeye alikubeba hospitali, akijifanya! Ninaita polisi sasa hivi.

— Papa, acha simu, Joyeuse akasema.

— Niache juu ya nini?

— Si Aristide. Ni mimi njo nilizungusha.

Papa Placide akavua miwani taratibu.

— Weye? Kazi ya mafundi umeijua wapi?

— Katsuva alinifundisha.

Joyeuse akaileta simu mdomoni.

— Katsuva?

— Kuya hapa hospitali, akajibu. Kuya uniambie na mudomo yako.

Hospitali alimkuta amelala kitanda cha dirishani, plasta imefika kwenye kiwiko, vidole vimevimba na kuwa vyeusi. Hakumwambia akae.

— Mara ngapi?

— Kila juma. Tangu mwezi wa tatu.

— Na ile Jumamosi, nikiwa nashika manivele, ulijua?

Hapo angeweza kudanganya. Hakuna ambaye angejua.

— Nilijua inaweza kukuvunja. Nilitaka kupiga kelele. Nikasikia haya.

— Ulisikia haya?

— Ndiyo.

— Juu ya nini ulifanya hivi, Joyeuse?

— Nilitaka urudi. Ulisema ukimaliza utaenda Niania.

— Niania nilikataa tangu mwezi wa ine. Sikukuambia. Nilikuwa natafuta namna ya kumuambia baba yako kama nakuya juu ya binti, si juu ya gari. Nilitaka kwanza itembee, nisimame mbele yake na kitu.

Joyeuse akashika chuma cha kitanda.

— Ungesema tu "baki", Katsuva akaendelea. Ningebaki.

— Nisamehe, Katsuva. Nakuomba.

— Docteur anasema vidole mbili havitakunja tena. Mimi naishi na hii mikono. Ile ya delco ningekusamehe. Pengine siku moja tungeicheka. Lakini ulikaa pale, Joyeuse. Uliniangalia nikiinama.

Joyeuse alisimama pale mpaka muuguzi akaja kumwambia saa ya wageni imekwisha.

Papa Placide alimpa Aristide lile gari, akasema hataki kuliona tena uani kwake. Siku Aristide alipokuja kulivuta, Joyeuse alimwendea kumweleza alivyoshukiwa na kumwomba msamaha.

— Polisi wangenipiga, dada, Aristide akasema bila kuacha kufunga kamba. Bibi yangu iko na mimba. Ulifikiri hiyo?

— Nilifikiri. Njo maana nilisema.

— Ulisema nyuma ya mukono ya mutu kuvunjika.

Juma lililofuata Katsuva alipanda lori la msafara kurudi kwa mama yake Butembo. Joyeuse alifika maegeshoni na sahani ya muhogo na samaki, iliyofunikwa kwa kitenge. Katsuva aliipokea, akampa dereva. Lori likaondoka. Barabara ile ya Komanda watu hupita wakisali kwa hofu ya waasi, na Joyeuse alikesha siku mbili, simu mkononi.

Siku ya tatu ikaingia meseji. Ilionekana imeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimerukwa.

"Nimefka. Usinpigie tena."

Kwa lile neno la kwanza Joyeuse alipiga magoti barazani akamshukuru Mungu. Kisha yale mengine mawili yakamfikia, akabaki pale pale chini.